D Mbili: Shajara ya Afisa Utumishi

Jumatatu, 13 Januari 2025

Dirisha la maombi ya udereva limefungwa. Nafasi ni chache na walioomba ni wengi kupita kiasi, kama inavyokuwa siku hizi kila kibali cha ajira kinapotoka. Sifa ni zile zile za tangazo lolote la Dereva Daraja la II: awe na cheti cha kidato cha nne, leseni daraja la E au C, awe ameendesha gari walau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya udereva VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Maneno haya nayajua kwa kichwa. Leo nimeyatazama kwa mpangilio wake. Leseni ni ya pili, ajali ni ya tatu. Linalotangulia ni karatasi ya Baraza la Mitihani, na asiyekuwa nayo hafiki hata mbele ya kamati yetu ya usaili, hata kama ameendesha gari tangu hao wengine hawajazaliwa.

Alasiri dereva wetu wa gari la taka amegonga mlango. Ni wa mkataba, analipwa kwa mapato ya ndani, na mkataba unahuishwa kila unapoisha. Amezaliwa Julai 1981, akamaliza darasa la saba mwaka 1996, akaanza utingo, halafu akashika usukani wa malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma, akivuka Zambia mpaka Lubumbashi. Leseni yake ina daraja E.

"Shikamoo dada. Hivi kweli mimi siwezi hata kuitwa kwenye usaili?"

Nikamwambia hawezi. Hakubisha. Alisema ahsante akaenda kumalizia tripu ya sokoni, na mimi nikabaki na orodha mbele yangu nikishindwa kuendelea. Nimefanya kazi hii ya utumishi muda wa kutosha kujua kwamba sheria lazima iwe na mstari mahali fulani. Ninachotaka kujua ni mstari huu unapima nini.

Alhamisi, 16 Januari

Chanzo cha mstari huo kila afisa utumishi wa nchi hii anakijua kwa tarehe: 20 Mei 2004. Tangu hapo kidato cha nne kikawa kiwango cha chini cha elimu kwa anayeingia utumishi wa umma, awe mhasibu au mlinzi wa geti. Kwenye karatasi lilionekana jambo jema. Shule za sekondari zilikuwa zinakuja, nchi ilitaka watumishi waliosoma, na mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu kijana niliyeamini kwamba kila mtoto atafika huko.

Kisha ukaja uhakiki. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kwa hao sikuwa na neno la kuwatetea na sinalo hata leo. Anayeajiriwa kwa cheti cha mwenzake ameiba jina na miaka ya mtu mwingine, na mgonjwa aliyechomwa sindano na muuguzi wa namna hiyo hakupewa nafasi ya kukataa. Hata hivyo niliona haki imetendeka mwaka 2022, Serikali ilipokubali warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Makato yale yalitoka kwenye kazi waliyoifanya.

Walioniumiza ni wale wa darasa la saba. Hawa hawakughushi kitu. Kwenye fomu zao waliandika "darasa la saba" kwa mkono wao, wakaajiriwa hivyo hivyo, na wimbi lile lile likawabeba. Aprili 2018 Waziri Mkuchika alilieleza Bunge kwamba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warudi kazini. Kwa wengi ilikuwa furaha kubwa. Pale nilipokuwa wakati huo palikuwa na mhudumu wa ofisi, mama wa makamo, aliyeandikiwa barua ya ajira mwezi Septemba 2004. Msamaha ule haukumgusa. Tulikaa naye kwenye benchi la nje, barua mkononi, akinionyesha mwezi kwa kidole, na akihesabu: Juni, Julai, Agosti, Septemba. Alidhani labda mimi ninaweza kuisogeza tarehe.

Aliyekuja baada yake ana cheti, daraja la nne. Ni kijana mzuri, simsemi vibaya. Kazi ni ile ile: kufagia, kupeleka majalada, kuchemsha chai, kufungua ofisi kabla ya wote. Katika karatasi zote za mtihani wa kidato cha nne nilizowahi kuzisimamia sijaona swali linaloigusa kazi hiyo.

Jumapili, 19 Januari

Mjomba amekuja kula nasi mchana. Yeye ni wa kidato cha nne cha mwaka 1977, shule ya bweni ya Serikali, na hilo hutukumbusha mara kwa mara. Leo alimwomba mwanangu amsomee barua ya kampuni ya bima iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwanangu, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, alisoma akikwama kila mstari. Mjomba akaweka kijiko chini.

"Fomu fo ya zamani ilikuwa fomu fo kweli, mwanangu. Sisi tulikuwa tunaandika barua ya kuomba kazi bila kuigilizia kwa mtu. Hawa wenu wamefundishwa nini?"

Nilimheshimu nikanyamaza mezani, lakini jioni kwenye mkeka tuliongea vizuri. Nilimwambia: Mjomba, darasani kwenu mlikuwa wangapi? Akasema thelathini na kitu. Na waliobaki kijijini je? Hapo akacheka, kwa sababu katika shule yake ya msingi walioendelea mwaka ule walikuwa wawili. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari Tanganyika nzima hawakufika elfu kumi na mbili. Kwa miaka mingi baada ya hapo sekondari ilibaki mlango mwembamba, na aliyeupita alikuwa amechujwa tayari kwa mtihani wa darasa la saba kabla hajagusa kitabu cha kidato cha kwanza. Anapomlinganisha yule na mtoto wa leo, analinganisha wawili bora wa kijiji na kijiji kizima.

Hilo alilikubali nusu. Nusu nyingine ni mimi niliyeikubali, kwa sababu kuna kitu kimeanguka kweli na nilikuwapo kilipoanguka. Mwaka 2004 wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa laki nne na ushei. Kufikia 2010 walizidi milioni moja na laki sita. Shule za kata zilijengwa kwa nguvu za wananchi, Waziri Mkuu Lowassa akiwasukuma wakuu wa mikoa na wilaya, na mimi nilipangiwa mojawapo. Tulikuwa na vyumba vinne, hakuna maabara, na kidato cha kwanza mkondo mmoja ulikuwa na watoto zaidi ya themanini. Mwalimu wa Hisabati hatukuwa naye. Tukaletewa walimu wa leseni, vijana wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache, wale ambao watu waliwaita "voda fasta". Walijitahidi kwa moyo, wengine baadaye wakawa walimu hodari. Lakini mtoto hamsubiri mwalimu akomae.

Na zaidi ya hayo kulikuwa na lugha. Mtoto ametoka darasa la saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, Januari anaambiwa Historia, Biolojia na Jiografia vyote sasa ni Kiingereza. Kuna msichana mmoja simsahau. Ukimuuliza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake, anakueleza mpaka unatamani wenzake wote wamsikie: jua, maji, hewa, jani. Kwenye mtihani wa majaribio aliandika jina lake, akanakili swali kwa mwandiko mzuri, akaacha nafasi ya jibu wazi. Nilisahihisha karatasi ile kwa uchungu. Kwa mujibu wa mtihani, mtoto yule hakujua mmea unakula nini.

Kwa hiyo Mjomba akisema kiwango kimeshuka, ninamwomba aseme kiwango cha nini. Kiingereza cha aliyemaliza kidato cha nne, ndiyo, kimeshuka. Akili za watoto hazikushuka. Na idadi ya Watanzania waliokaa darasani miaka kumi na moja imepanda kuliko wakati wowote, na hilo nalo ni sehemu ya kiwango cha nchi.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka jana yametangazwa leo. Ofisini kazi ilisimama. Wazazi, walezi, hata walinzi, kila mtu kwenye simu akitafuta namba ya mtahiniwa. Watahiniwa wa shule waliofaulu ni 477,262 kati ya 516,695, yaani asilimia 92.37. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni 221,953.

Nimechukua kikokotoo. Ukitoa hao kwa waliofaulu wote, wanabaki 255,309 wenye daraja la nne. Zaidi ya nusu ya "waliofaulu" ni daraja la nne. Na daraja la nne ni nini? Yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. D ni pointi nne, F ni pointi tano. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, na mwisho wa daraja la nne ni 33. Mwenye D moja ana 34, hiyo ni sifuri. Maana yake kijana aliyepata D ya Kiswahili na D ya Uraia, akaanguka kila somo lingine, ana cheti cha kidato cha nne. D yenyewe inaanzia alama 30. Hisabati, somo ambalo kila mtoto analazimika kulifanya, ni kama robo tu ya watahiniwa wanaolifaulu.

Hakuna anayepaswa kumcheka kijana huyo. Labda D zile mbili amezipigania bila mwalimu na bila kitabu, akitembea kilomita nyingi kila asubuhi. Lakini tangazo la kazi linaposema "awe na cheti cha kidato cha nne", linasema kana kwamba kuna kitu kimoja chenye jina hilo. Hakipo. Mwenye pointi 7 na mwenye pointi 33 wote wanaingia kwenye mlango mmoja, na aliyeishia darasa la saba akiwa anajua kusoma, kuandika na kuhesabu anabaki nje.

Halafu kipimo chenyewe hakikukaa mahali pamoja. Kwa mtihani wa 2012, D ilianzia alama 35 na A alama 80. Kwa mtihani wa 2013, A ikashushwa hadi 75, ikaongezwa B+, D ikaanzia 30, na chini yake ikawekwa E inayoanzia 20. Mwaka uliofuata madaraja yakaondolewa ukaja wastani wa pointi, yaani GPA, vyeti vikaandikwa maneno mengine kabisa. Januari 2016 Waziri Ndalichako akaagiza madaraja yarudi. Leo A ni 75, B ni 65, C ni 45, D ni 30. Mtoto mwenye alama 32 alikuwa na F mwaka 2012, mwaka uliofuata angekuwa na D. Mwenye 76 alikuwa na B, leo ana A. Ni sawa na muuza mchele anayebadilisha kibaba soko likiwa limejaa, kisha wanunuzi wanabishana nani amepunjwa.

Ndiyo maana ninachoka na mabishano ya asilimia. Kutoka 34.5 ya matokeo ya awali ya mwaka 2012, yale yaliyofutwa baadaye, hadi 92.37 ya leo hakuna anayeweza kunyoosha kidole akasema hiki hapa ni ufundishaji uliokuwa bora na hiki hapa ni mstari uliosogezwa. Yote mawili yamo. Elimu bila ada iliyoanza 2016 imeleta watoto ambao zamani wangekuwa shambani au kazi za ndani, walimu wameongezeka, kuna shule za kata ambazo leo zinatoa daraja la kwanza kwa fahari. Ninayaona haya kwa macho na ninayafurahia. Ila mwajiri anayeshika vyeti viwili, cha 2011 na cha 2024, akadhani anaweza kuvilinganisha kwa herufi, anajidanganya.

Jumamosi, 25 Januari

Jirani amekuja na simu ya binti yake. Daraja la nne, pointi 31. Mama alikuwa hajui acheke au alie. Binti alikuwa kimya kabisa, ameshika kona ya kanga ya mama yake kama mtoto mdogo. Nilimwonyesha vyuo vya ufundi na nikamweleza kwamba cherehani anayoipenda ina njia yake VETA, wala hakuna haja ya kwenda kidato cha tano. Mama yake aliuliza, "Lakini serikalini ataajiriwa?" Kwa cheti hicho, kama mhudumu, anaweza kuomba. Hapo ndipo uso wa mama ulipofunguka. Binti hakusema neno.

Jumanne, 4 Februari

Usaili wa vitendo leo. Uwanja wa nyuma, mapipa manne, lori moja na Land Cruiser moja. Askari wa usalama barabarani, fundi wetu, mimi na mwenzangu wa utumishi.

Niliomba jambo moja nikakubaliwa: kila msailiwa, kabla ya kupanda gari, ajaze ukurasa mmoja wa logi buku. Ni kazi ya kila siku ya dereva wa Serikali, na ndiyo sehemu ya kazi ambapo elimu ya darasani inahitajika kweli. Nilimpa kila mmoja mambo haya: gari limeondoka kilomita 148,276, limerudi 148,588, linatumia lita moja kwa kilomita nane, andika safari, kilomita zilizokwenda na lita zilizotumika. Jibu ni kilomita 312 na lita 39.

Nilichokiona hakikufuata vyeti. Binti mmoja wa daraja la tatu alijaza bila kufuta hata mara moja, akaingiza lori kinyumenyume kati ya mapipa kwa vioo vya pembeni tu, mpaka fundi akampigia makofi. Kijana wa daraja la pili aliandika 312 haraka, lakini alipoambiwa akague gari kabla ya safari alifungua boneti akasimama, hakujua kijiti cha oili kiko wapi. Wengine wawili, wote daraja la nne, walishindwa kutoa 148,276 kwenye 148,588 na kalamu mkononi. Mmoja wao aliendesha vizuri sana. Tulimpa alama zake za uendeshaji zote, lakini lita zile zinanisumbua. Dereva asiyeweza kujua gari limekula mafuta kiasi gani anaweza kudhulumiwa na anaweza kudhulumu bila kujua.

Gari la mtihani lililetwa uwanjani na dereva wetu wa gari la taka. Yeye ndiye aliyepanga mapipa, akapima umbali kwa hatua, akarudisha lori mahali pake kila baada ya msailiwa. Hakuna aliyempa alama.

Jioni nimetoa logi buku zake kabatini. Kurasa kwa kurasa, kila siku ya kazi ina mstari wake: tarehe, tripu, kilomita za kuondoka na kurudi, lita, sahihi ya msimamizi. Saba zake amezikata katikati kwa mstari mdogo, ili zisifanane na moja. Kwenye ukurasa mmoja wa Machi mwaka jana ameandika pembeni kwa herufi ndogo, "Geji ya mafuta haisemi kweli, nimepima kwa kijiti." Nimejaribu mahesabu yake hapa na pale. Yako sawa.

Jumatano, 5 Februari

Leo maswali ya ana kwa ana. Nataka niandike habari za msailiwa mmoja kabla sijalala.

Nyaraka zake zina cheti cha mtihani wa mwaka 2012. Mwenyekiti wa kamati alimuuliza, kama anavyowauliza wote, aeleze historia yake. Akasema kwa utulivu kwamba yeye alipata matokeo mawili ya mtihani mmoja.

Nilijua anakoelekea. Matokeo ya 2012 yalitangazwa Februari 2013 na nchi ikashtuka: zaidi ya watoto 240,000 walikuwa na sifuri, na hao ni zaidi ya asilimia sitini ya waliofanya. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume. Mei mwaka huo Serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya, kwa sababu utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa. Mwisho wa Mei yakatoka mengine. Waliokuwa na sifuri wakashuka hadi 210,000 na ushei. Watoto elfu thelathini walilala na sifuri wakaamka na daraja la nne, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameongeza neno kwenye karatasi yake.

Huyu alikuwa mmoja wao. Februari babake alimwambia hana la kumfanyia. Akapanda lori kama utingo, akalala chini ya tela, akajifunza magari. Alipokuwa Makambako akapigiwa simu kutoka nyumbani: umefaulu. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa ni yule yule. Mwezi wa pili nilikuwa mjinga, mwezi wa sita nikawa msomi, na muda wote nilikuwa nafunga turubai."

Chumba kizima kilinyamaza. Mimi nilimuuliza kama cheti kile kimewahi kumsaidia. Akajibu kwamba kila mahali wanakitaka na hakuna aliyewahi kukisoma ndani.

Ana uzoefu, hana ajali, na lita 39 alizipata. Nimempa alama za juu na nitazitetea.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeandika barua kwa Mkurugenzi, ipitie kwake kwenda kwa wanaoandaa miundo ya utumishi. Nimeiandika mara tatu ili isiwe ya hasira.

Sikuomba cheti kifutwe. Kwa karani, kwa msaidizi wa hesabu, kwa anayekwenda chuo, mtihani una kazi yake, na huko ningetaka tangazo litaje somo na alama, siyo kusema "kidato cha nne" tupu. Nilichoomba ni kwa kazi za mikono na usukani: mtu apimwe kwenye kazi, pamoja na jaribio la kusoma, kuandika na kuhesabu linalotokana na kazi yenyewe. Anayelifaulu aingie. VETA tayari ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti, na Ofisi ya Waziri Mkuu imegharamia vijana wengi kurasimishiwa ujuzi kwa njia hiyo. Serikali inalipia upimaji huo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tangazo lake la kazi halitoshelezwi na cheti kinachotokana nao.

Wala si fikra ngeni kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka mitihani ipunguziwe ukubwa machoni mwa Serikali na mwa wananchi. Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilitaka anayeomba chuo kikuu kwanza afanye kazi, na mahali pake pa kazi pamtolee ushahidi. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, wapo waliopendelewa na wapo waliokomolewa. Lakini uliuliza swali ambalo sisi tumeacha kuliuliza: waliofanya kazi na mtu huyu wanasemaje? Na mwaka jana wameingia kidato cha kwanza watoto wa mkondo wa amali, watakaofanya mtihani wao 2027 wakiwa na ujuzi wa mikono pamoja na masomo. Tutakapowatangazia kazi, je, tutawauliza wanaweza nini au tutahesabu D?

Mchana nilimwita dereva wa gari la taka, maana aliniuliza na alistahili jibu kamili. Nilimweleza njia iliyopo. Ajiandikishe Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, aufanye Novemba mwaka huu. Akifaulu, afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea Novemba 2026. Vituo vya elimu ya watu wazima vipo na masomo ni ya jioni. Alisikiliza kwa makini, akaandika kwenye kijitabu chake cha mfukoni.

Kisha akauliza matokeo hutoka lini. Nikasema Januari. Akaandika 2027, na chini yake akaandika mwaka wake wa kuzaliwa, akatoa, kwa mwandiko ule ule wa saba zilizokatwa. Tangazo linasema umri usizidi miaka 45, na mkataba wa mapato ya ndani hauhesabiwi kuwa ajira. Januari 2027 atakuwa na miaka arobaini na mitano na nusu.

Nilirudi mezani nikafungua tena barua. Hesabu ile nimeiingiza kwenye ukurasa wa pili, tarehe kwa tarehe, na nimeambatisha nakala za logi buku. Jumatatu inaingia kwa Mkurugenzi, na nitakuwapo mwenyewe atakapoisoma.